Rudia Hapo

Kwenye redio ile unaweza kuchelewa kazini ukasamehewa. Unaweza hata kumwaga chai juu ya mtambo wa mixa, ukagombezwa wiki nzima, halafu yakaisha. Lakini usithubutu kumwambia mwenye redio, "Bosi, narudi sasa hivi." Sema unatoka. Sema unakwenda msalani, unakwenda benki, unakwenda kuzurura, yeye hana neno. Hiyo "narudi sasa hivi" ndiyo asiyotaka kuisikia masikioni mwake, na kila mfanyakazi mpya huonywa mapema na dada wa mapokezi, ambaye naye sababu haijui.

Sababu anaijua yeye mwenyewe. Na mimi nitawaambia, maana ndiyo iliyoingia mlangoni siku ile imebeba begi la nyaya.

Wasikilizaji walimwita Dada wa Asubuhi. Alianza kutangaza kwenye stoo ya baba yake, kuta zimebandikwa sponji za godoro kuukuu ili sauti isigonge, na mlango umefungwa kwa kamba kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Sasa redio ilikuwa yake, jarida lake, nyumba ya kuchapisha vitabu yake, na kitabu cha maisha yake kilikuwa mikononi mwa wanawake wasiohesabika. Wengine walikuwa wameandika sentensi yake ya mwisho kwenye fulana: *Nilimwacha, nikajichukua.* Akipita barabarani walimpigia kelele ile sentensi huku wanacheka, naye aliwapungia mkono. Halafu alirudi kwenye nyumba yenye viti vingi, akala amesimama karibu na sinki, akaosha sahani moja na kijiko kimoja. Jamani, alikuwa mpweke yule dada. Asubuhi nzima aliongea na watu wote, na jioni hakuwa na wa kumwambia "leo nimechoka."

Siku hiyo alikuwa anamalizia kurekodi kitabu chenyewe, kile cha kusikiliza. Ilibaki sura ya mwisho tu. Fundi wake wa kila siku alimpigia simu asubuhi, jino limemvimbisha shavu, anaongea utadhani ana ndimu nzima mdomoni.

"Usijali, Bosi. Nimekutafutia mtu. Mikono yake safi kuliko yangu."

"Safi kuliko yako hata mimi ninayo. Masikio je?"

"Masikio ndiyo usiseme. Utaniambia."

Kwa hiyo mlango wa upande wa pili wa kioo ulipofunguliwa, yeye alikuwa ameshakaa kwenye chumba cha kurekodia, hedifoni kichwani, mgongo kauelekeza kwenye kioo, anapanga kurasa zake. Alisikia begi linawekwa chini. Alisikia kiti kinavutwa. Halafu ndani ya masikio yake, karibu kabisa, sauti ya mwanamume ikajaribu mitambo.

"Moja. Moja. Moja."

Kurasa zikamteleza.

Mafundi wote huhesabu moja, mbili, tatu. Yeye alimjua mmoja tu ambaye hakuwahi kuvuka moja. Enzi za stoo alimuuliza sababu, na yule kijana alijibu bila kuinua kichwa kwenye nyaya zake: "Mbili tutaisema siku ya harusi, Kasuku." Kasuku, kwa sababu alikuwa anaongea bila kupumua.

Akageuka. Naam, ndiye. Mvi zilikuwa zimeanza pembeni mwa masikio, na uso ulikuwa umekonda kidogo, lakini macho yalikuwa yaleyale, ya mtu anayesikiliza kwanza. Shati lilikuwa limemkaa vizuri mabegani. Zamani mashati yake yote yalikuwa makubwa, alionekana kama ameazima. Hilo shati aliliona, akalipita.

"Habari za saa hizi, Bosi," akasema yule mtu.

Bosi! Nyie, kuna matusi yanayouma chini ya hapo.

"Nzuri," akajibu. Sauti ile iliyoamsha watu nchi nzima ikatoka nyembamba. "Ulijua kazi ni ya nani?"

"Jina liko kwenye jalada."

"Na ukaja."

"Ni kazi. Nimeambiwa imebaki sura moja." Akainamia mixa. "Feni nitaizima, inaingia kwenye maiki. Utavumilia joto?"

"Nimeshavumilia mengi."

Fundi alizima feni, chumba kikawa kimya, taa nyekundu ikawaka.

Akasoma. Kusoma ndiyo kazi yake, na mdomo wake ulijua njia hata moyo ukiwa umepotea. Alisoma habari za studio mpya, ile ya kwanza ya kupanga. Alisoma jinsi alivyofika alfajiri siku ya kwanza ya matangazo, akakuta nyaya zimefungwa vizuri, kipaza sauti kimewekwa usawa wa mdomo wake, kiti kimepandishwa kwa kimo chake. Kitabu hakikusema ni nani aliyevipanga. Akafika kwenye sentensi ya fulana.

"'Na asubuhi ile, kabla sijafungua maiki, aliniacha, nikajichukua.'"

"Rudia hapo," fundi akasema masikioni mwake.

"Kuna nini?"

"Umesoma 'aliniacha'. Kitabu kinasema 'nilimwacha'."

Akatazama ukurasa. Kweli. Neno lenyewe ni lilelile, limebadilishwa mwanzoni tu, na aliyebaki akawa aliyeondoka. Akameza maji, akarudia kuanzia juu ya aya.

"'...kabla sijafungua maiki, aliniacha...'"

"Rudia hapo."

"Samahani."

"Usijali. Taratibu tu."

Mara ya tatu aliishika karatasi kwa mikono miwili, akalikodolea macho lile neno. Na ulimi, wallahi, ukamsaliti tena. Aliniacha.

Safari hii taa nyekundu ikazimika. Kupitia kioo alimwona amevua hedifoni, anajifuta uso kwa kiganja.

"Tupumzike kidogo," akasema. "Joto hilo."

Msidhani ulimi wake ulikuwa unatunga. Ulikuwa unakumbuka. Rasimu yake ya kwanza ilisema *aliniacha*, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri ile hakumkuta mtu, alikuta kiti kimepandishwa. Jana yake jioni yule kijana alikuwa amesimama mlangoni akasema betri zimekwisha, anakwenda kununua nyingine, narudi sasa hivi, Kasuku. Hakurudi. Yeye alifungua maiki akaongea asubuhi nzima bila kunyamaza, maana alijua akinyamaza atalia hewani.

Neno lilibadilishwa na baba yake. Baba yake alikuwa mwalimu aliyestaafu, na rasimu yote aliisahihisha yeye, kwa wino mwekundu, koma kwa koma. Alipofika pale alikata "aliniacha", akaandika juu yake "nilimwacha", na pembeni akaongeza: *Wewe huachwi, mwanangu.* Binti aliposoma alicheka, kisha akalia, kisha akaliacha neno la baba likae. Likaenda kiwandani, likaenda madukani, likaenda kwenye fulana.

Akatoka kwenye kile chumba, akaingia upande wa mitambo kutafuta hewa. Fundi alikuwa amesimama, simu yake inaita mkononi.

"Naomba nipokee," akasema. "Narudi sasa..."

Akaishia hapo. Wakatazamana. Loo, kutazamana kule! Yeye aliona kabisa kwamba mwenzake amekumbuka, na mwenzake aliona kwamba yeye hajasahau hata siku moja.

"Pokea simu yako," akamwambia.

Fundi akatoka. Sauti yake ilisikika kwenye ujia, chini, laini, sauti ambayo zamani yeye ndiye aliyekuwa akiongeleshwa nayo. "Ndiyo... bado kidogo... hapana, nitakula hukohuko... eeh, narudi sasa hivi."

Ili asiendelee kusikiliza, akatafuta cha kutazama. Juu ya begi la nyaya kulikuwa na kitabu chake, kimevalishwa jalada la nailoni kama vitabu vya mtoto anayeanza shule, kingo zimekunjwa kwa mkasi mzuri na kubandikwa sawasawa. Akakifungua. Kilikuwa kimesomwa mpaka kurasa zimelegea. Katika ukurasa wa mwisho, sentensi ya fulana ilikuwa imepigiwa mstari, na juu ya ule mstari mwingine, na mwingine.

"Nilitaka kukuomba ukitie sahihi," fundi akasema nyuma yake. "Mwishoni. Nikiona una nafasi."

"Chako?"

"Si changu."

"Cha nani, basi?"

"Cha mchumba wangu."

Alikuwa ametangaza vifo, mafuriko na ajali bila sauti kutikisika. Hapa akajishika kwenye ukingo wa meza.

"Umeposa."

"Nimeposa."

"Hongera."

"Ahsante."

"Ndiye aliyekushonea hilo shati?"

Fundi akajitazama, kama amesahau alivyovaa. "Umejuaje?"

"Limekukaa. Wewe nguo hazijawahi kukukaa." Akajaribu kucheka. Kicheko kikagoma. "Mlikutana wapi?"

"Ana chumba cha kushonea, barabara niliyokuwa napita kwenda kazini. Redio yake ipo wazi kutwa. Redio yako. Nilikuwa nasimama pale mlangoni asubuhi, najifanya nasubiri mtu, ili nikusikilize wewe." Akashusha pumzi. "Nikazoea. Siku moja nikajikuta nimeingia ndani, nimekaa kwenye benchi, namsikiliza yeye."

Hebu mwanamke mwenzangu niambie, maneno kama hayo unayaweka wapi?

"Anajua kama mimi na wewe...?"

"Hajui. Anajua nilikuwa na mtu, basi." Akakichukua kitabu taratibu, akakishika kwa mikono yote miwili. "Alikuwa na mume. Alikuwa anapigwa. Hiki kitabu alipewa na mteja. Anasema alifika kwenye sentensi ile, akafunga kitabu, akachukua mashine yake ya kushonea kichwani akaondoka. Ndiyo maana nakwambia rudia hapo. Akishona mikono haina nafasi ya kushika kitabu. Atakuwa anakusikiliza."

"Kwa hiyo hukunisahihisha mimi. Ulimsahihishia yeye."

"Nilisahihisha kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni uongo!" Akapaza sauti, na kwa bahati nzuri kuta zile zilijengwa zisitoe sauti nje. "Wewe unajua ni uongo! Umekaa hapo unaniambia rudia, rudia, unajua kabisa nani alimwacha nani. Nimebeba lile neno kwenye fulana za watu! Kila nikisalimiwa barabarani nasalimiwa kwa uongo! Ulikwenda kununua betri. Betri gani hizo, zinanunuliwa miaka yote hii?"

"Punguza basi."

"Sipunguzi! Mimi nilidhani umegongwa na gari. Nilizunguka hospitali, unajua hilo? Nilisimama mochwari. Mtu akaniambia, dada, mbona jamaa kaonekana stendi na begi lake, mzima. Nikaona afadhali ningekukuta mochwari. Nikajilaani kwa kuwaza hivyo. Sasa sema. Nilikukosea nini mpaka ukaniacha?"

"Sikukuacha."

"Aha! Kumbe mimi ndiye niliyekuacha! Kitabu kiko sawa!"

"Wala hukuniacha." Fundi alikuwa amefumba macho. Mtu yule hakuwa wa maneno mengi, lakini aliyoyasema alikuwa anayapima, na lile lililomtoka lilikuwa limepimwa kwa muda mrefu. "Tuliachanishwa."



"Na nani?"

"Niliapa."

"Na nani, Fundi?"

"Nimeshasema zaidi ya ilivyotakiwa. Turudi kazini."

"Hukurudi hata kuniuliza hali."

"Nilirudi." Akafumbua macho. "Ulipotoka masomoni nje, ukafungua hii redio, nikasema kiapo kimetimiza kazi yake, acha nikamwone. Nilifika mpaka getini. Kulikuwa na bango la kitabu, kubwa, na picha yako. Nilimwacha, nikajichukua. Nikasoma, nikasema kumbe alishanitoa moyoni zamani, na anajivunia. Nitaingia kufanya nini? Nikageuza."

Hapo ndipo mambo yote yalipokutana kichwani mwake. Masomoni. Kiapo. Lile neno. Nani alikuwa na haraka ya kulibadilisha? Nani aliyekuwa na kalamu?

Akachukua simu mezani, akapiga. Baba yake, kwa uziwi wa uzee, huongea kwenye simu kama anaita mtu wa ng'ambo ya mto, kwa hiyo chumba kizima kilisikia.

"Mama! Umeshakula?"

Ndilo swali lake la kwanza kila siku.

"Bado, Baba."

"Mbona bado? Saa hizi?"

"Nasoma kitabu, Baba. Nimefika pale ulipofuta 'aliniacha' kwa wino mwekundu."

Ikasikika redio ya mzee kwa mbali. Aliisikiliza redio ya binti yake kutwa, hata matangazo ya sabuni.

"Uko na nani hapo?"

"Niko na fundi."

"Fundi wako wa kila siku?"

"Fundi yule, Baba."



"Amekwambia?"

"Hajakutaja. Amesema neno moja tu. Nifafanulie wewe, wewe ndiye mwalimu."

Mzee akakohoa. Alipoanza, sauti haikuwa tena ya kuita ng'ambo.

"Sikumfukuza, mama. Nisingeweza kumfukuza, alikuwa kijana mwema. Nilimkalisha chini. Ulikuwa umeitwa masomoni nje, gharama zote juu ya chuo, na wewe unasema huendi, unaolewa. Nikamwambia, ukimwambia aende hataenda. Ukiondoka wewe, ataenda. Akalia mbele yangu. Nikamwapisha asikwambie."

"Hukuniuliza mimi."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuuliza, Baba!"

"Najua. Sasa najua. Ulipoandika 'aliniacha' nikaona aibu. Watu watasoma kwamba mwanangu aliachwa, na aliyemwachisha ni mimi. Nikasema acha nimfute machozi hapo. Sikujua..." Akashindwa kumaliza. "Kama ningejua utakula peke yako miaka yote hii, mama, wallahi ningekiacha kile chuo kiungue."

Binti alisimama na simu sikioni, machozi yanamtiririka, hana haja ya kuyafuta. Alitaka kumpigia kelele. Kelele hazikuja, alimwona tu mzee amekaa kwenye kile kiti chake kirefu, miguu imefunikwa shuka, redio ikiongea pembeni.

"Jioni njoo tule," baba akasema. "Nitamwambia dada wa kazi apike."

"Sio leo, Baba."

"Umenikasirikia."

"Nimekukasirikia sana. Umekunywa dawa?"

"Bado."

"Kunywa."

"Haya, mama."

Akakata simu. Fundi alikuwa amekaa chini, viwiko juu ya magoti, kichwa mikononi. Kisha fundi akanyoosha mkono, akamshika vidole, vya mkono mmoja tu. Vidole vile vilikuwa vigumu, vyenye makovu ya kuchomea nyaya, na yeye alivijua kimoja kimoja.

"Kasuku."

Mungu wangu, hakuwa amelisikia jina lile tangu stoo.

"Nikimpigia simu sasa hivi," fundi akasema, anatazama sakafu, "nikamweleza yote kama yalivyo..."

"Atasema nini?"

"Atasema niende. Ndivyo alivyo. Hatanigombeza. Atasema nenda, halafu atarudi kwenye mashine yake amalizie nguo ya mtu."

"Unampenda?"

Fundi alikuwa mtu mkweli. Angekuwa mwongo mambo yangekuwa rahisi. "Nampenda," akasema. "Na wewe sijawahi kukutoa. Yote mawili ni kweli. Sijui mtu anafanyaje."

Na mimi sijui, nisiwadanganye. Najua alichofanya yeye. Alikitazama kitabu kile chenye nguo ya nailoni, na ile mistari iliyorudiwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Akamwona mwanamke asiyemjua, amepandisha mashine kichwani, anatoka kwenye nyumba ya kipigo akiwa ameshika sentensi ya kuazima. Akamwona tena, leo hii, amekaa dirishani anashona, kila akisikia nyayo anainua uso. Kiti kile Dada wa Asubuhi alikijua. Kusubiri kule alikujua.

"Alipokupigia pale," akauliza, "umemwambia utarudi saa ngapi?"

"Nimemwambia..." Fundi akainua kichwa. Akaelewa. "Nimemwambia narudi sasa hivi."

"Basi rudi."

"Kasuku..."

"Natosha mimi mmoja kuambiwa vile na mtu asirudi." Akavitoa vidole vyake mikononi mwa fundi, kimoja kimoja, bila hasira. Mwili ulikataa lakini aliulazimisha. "Lete kalamu."

Akaandika kwenye ukurasa wa kwanza: *Kwako wewe, uliyejichukua kabla yangu.* Akatia sahihi, akapuliza wino ukauke, akamrudishia kitabu.

"Na wewe je?" fundi akauliza.

"Mimi nina kipindi asubuhi." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Rudi kwenye mixa. Tumalize."

Akaingia tena ndani, akafunga mlango mzito, akavaa hedifoni. Kupitia kioo aliona fundi anageuza vitufe ambavyo havikuhitaji kugeuzwa. Kisha sauti ikaja, karibu kabisa.

"Moja. Moja." Ikanyamaza. Akamwona ameinua macho, mdomo umefunguka, na neno linalofuata liko palepale mlangoni.

"Moja inatosha, Fundi," akasema.

Taa nyekundu ikawaka. Akasoma studio mpya, na nyaya zilizofungwa vizuri, na kiti kilichopandishwa kwa kimo chake. Jasho lilimshuka shingoni. Alipofika pale hakulikodolea macho lile neno, wala hakulitafuta kwenye karatasi. Alimtazama mtu aliyekuwa nyuma ya kioo.

"'Na asubuhi ile, kabla sijafungua maiki, nilimwacha, nikajichukua.'"

Akasubiri. Masikioni hakukuwa na kitu ila pumzi ya mtu mwingine, inaingia na kutoka. Fundi hakusema arudie.

"Imekaa," akasema mwishowe.

Akazima taa. Akakunja nyaya zake, duara juu ya duara, akaziweka begini, na kitabu akakiweka juu kabisa kisikunjike. Mlangoni alisimama. Yeye alimwona anatafuta neno la kuondokea, na akaona jinsi alivyolikwepa lile moja.

"Natoka, Bosi."

"Haya, Fundi. Ahsante."

Akazisikiliza nyayo kwenye ujia mpaka dada wa mapokezi alipoaga mtu na mlango wa nje ukajifunga. Akawasha feni. Akapanga kurasa, akaosha kikombe chake kwenye karai la ofisini, akachukua mkoba wake, akajichukua, akaenda nyumbani.